Neptuni na Taa ya Ua

Jumatatu, 8 Desemba. Jinja.

Hili sijamwambia mtu: naogopa giza. Si kidogo. Nina miaka kumi na sita, baba yangu ni sajini wa magereza, na nikitoka mahali pasipo na taa mgongo wangu wote unaota masikio.

Na mtu huyo huyo anapenda nyota. Ni kama mwuza samaki anayetapika akisikia shombo.

Naandika kwa Kiswahili. Shuleni kila kitu ni Kiingereza, na wenzangu wakinisikia nikisema Kiswahili wanapiga saluti, "Ndiyo afande." Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya askari, wao wanakijua cha kambini tu. Mimi nilisoma shule ya msingi kwa shangazi, Busia, upande wa Kenya. Nikikiandika hakuna anayepiga saluti.

Leo tena baada ya chakula nimetoa darubini uani, chini ya taa. Taa ya ua wa kota zetu haizimwi. Ni sheria, gereza liko ng'ambo ya uzio. Mimi naipenda sheria hiyo.

Darubini si yangu. Ni ya Bibi Sushila, mwenye duka la kufuli na misumari mjini. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Kila nikitumwa msumari nilikuwa naitazama tu, mpaka Bibi akachoka nami. Akasema: "Mume wangu aliipata Uranusi. Neptuni alikufa hajaiona. Wewe niletee zote mbili, umechora kwa mkono wako, usiku tofauti, nione zimehama. Mwisho ni mwaka mpya. Ukiweza, chukua darubini, ni yako. Ukishindwa nampa yule Mzungu wa mashua za mtoni aangalie ndege."

Sikujibu. Mimi huwa najibu nikifika nyumbani.

Uranusi iko karibu na Kilimia, kile kishada cha nyota, ramani ya simu inasema hivyo. Kando ya Kilimia nimekuta vidoa vitano. Vyote sawa. Nimevichora vyote kwa hasira.

Jumatano, 10 Desemba.

Baba ametoka zamu akanikuta nimeinama. Akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Nikamwonyesha Zohali. Pete zake mwaka huu zimelala, unaona shanga iliyochomwa sindano. Baba akatazama sana. Akasema, "Huyu amefungwa vizuri."

Nikamwambia shida yangu, vidoa vitano, sijui sayari ni kipi. Akacheka.

"Sasa wewe, mtoto wa magereza, unashindwa na hiyo? Jioni nahesabu watu. Asubuhi nahesabu tena. Sitazami sura. Natazama nani hayuko mahali pake. Huyo ndiye wangu."

Kisha akaingia kulala. Mimi nimechora vidoa tena. Mawingu yamekuja kabla sijamaliza. Lakini nimefurahi. Baba hajawahi kukaa nami uani muda mrefu hivyo.

Ijumaa, 12 Desemba.

MMOJA AMETOROKA.

Vidoa vinne viko palepale. Cha tano kimesogea. Jumatatu kilikuwa mbali na nyota mbili zinazokaa pamoja, leo kimezikaribia kama mtu anayetaka kusikia wanasema nini. Nikakitazama vizuri. Si cheupe. Kina ukijani, rangi ya maji uliyooshea mboga.

Uranusi. Nimeiona mimi.

Nilitaka kupiga kelele nikaona haya. Nimekwenda kunywa maji.

Neptuni nimeitafuta juu ya Zohali, ndiko ramani inakoiweka, mpaka shingo imekaza. Hakuna kitu. Weupe mtupu.

Jumapili, 14 Desemba. Mbale.

Mimi na Mama tumekuja kwa Mama Mdogo, mtaa wa Nabuyonga, tutakaa mpaka baada ya Krismasi. Baba amebaki kazini. Darubini nimeifunga ndani ya koti lake kuukuu la jeshi. Kosa. Kwenye kizuizi askari ameona bomba limevaa koti la jeshi akarudi hatua mbili. Mama akaeleza. Askari akataka kuona. Tukaifungua barabarani, akaangalia mlima Wanale, akasema, "Mbona umepinduliwa?" Nyuma yetu magari yanapiga honi. Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze.

Mama Mdogo ni mdogo wake Mama. Ana saluni mtaa wa Malukhu na anacheka na mwili mzima. Mwanawe Mafabi ana miaka kumi na saba. Ni kaka yangu basi, na ananitania tangu tukiwa wadogo. Mwakani ni mwaka wa tohara kwa Wagisu. Mafabi ameshatangaza mbele ya wajomba kwamba atasimama. Huku ukitangaza hurudi nyuma. Utasimama uwanjani, watu wote wanakutazama, na hata kope haitakiwi kucheza. Tayari amevalishwa njuga za kaka yake mkubwa, anatembea analia kama mbuzi wa sikukuu.

Jumanne, 16 Desemba.

Nimemwomba Mama Mdogo aache balbu ya baraza ikiwaka usiku. Nimesema ni kwa ajili ya wezi.

Mbingu ya Mbale ni nzito kwa nyota. Nimetafuta Neptuni. Hakuna. Mafabi amekuja na bakuli lake la malewa, yale machipukizi ya mianzi, akala amesimama, akaangalia balbu, akaniangalia mimi, akaangalia balbu.

"Dada."

"Nini."

"Hivi mtu akitafuta panya, anapiga ngoma kwanza?"

Nilijua anasema nini. Hata kitabu kilichokuja na darubini kimesema: macho yanahitaji giza, yakae humo kwanza, ndipo yaone vitu dhaifu. Niliuona ukurasa huo na kuuruka. Tangu Jinja najua kwamba tatizo si anga.

Nikamwambia balbu ni ya wezi. Akasema wezi wa Nabuyonga watafurahi sana, wanaonyeshwa na mlango.

Namchukia. Kidogo.

Jumatano, 17 Desemba.

Naandika nikiwa na aibu.

Stima imekatika. Mtaa mzima, ghafla. Nilikuwa nimeweka jicho kwenye darubini. Nikainua kichwa hakuna nyumba, hakuna ukuta, hakuna mkono wangu. Nikakimbia. Nimegonga ndoo, nimegonga mlango, nimeingia chini ya blanketi na viatu.

Darubini nikaiacha nje.

Kisha mvua. Niliisikia kwenye mabati. Najua kioo kiko wazi. Najua ni cha Bibi Sushila. Nikawa najiambia inuka. Sikuinuka.

Alhamisi, 18 Desemba.

Asubuhi nimeikuta jikoni, imefunikwa kwa sufuria kubwa na taulo la Mafabi. Kavu. Yeye ndiye amelowa, anapiga chafya mpaka njuga zinaitikia.

Hakunitania. Hiyo ndiyo imenitisha.

Jioni tulikuwa tunachambua maharage uani. Akaanza kusema huku anatazama maharage. Kwamba tangu atangaze halali vizuri. Kwamba mbele ya watu anaruka na kuimba, akibaki peke yake anazishika njuga zisilie. Kwamba hajamwambia mtu, kwa sababu hapa neno hilo halisemwi, likisemwa halirudi mdomoni. "Naogopa, dada. Si kisu. Naogopa kope."

Maharage yote yakaisha kuchambuliwa, nikaanza kuyachambua tena.

Kisha nikasema. Mimi naogopa giza. Nilisema kwa sauti ndogo hata sijui kama ilitoka.

Ilitoka. Mafabi akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na unatafuta Neptuni."

"Ndiyo."

"Wewe ni mwehu kuliko mimi."

Tukacheka mpaka Mama Mdogo akatoka kuuliza nani amekufa.

Ijumaa, 19 Desemba.

Tumepatana hivi. Mafabi anakaa barazani, hasemi kitu. Kila nikisema "Afande", anatikisa mguu mara moja, njuga zinalia, najua yupo. Mimi nazima balbu. Mwenyewe. Yeye alikataa kunizimia. "Na mimi mwakani nani atanisimamia? Hakuna. Zima."

Nimefunga mfuko mwekundu wa sokoni kwenye tochi. Mwanga mwekundu haudhuru macho, unanitosha kuchora.

Nikashika swichi. Nikashika tena. Nikazima.

"Afande."

Chri.

"Afande."

Chri.

Mara nyingi sana mwanzoni. Mara nyingine kabla njuga hazijanyamaza. Mafabi hakulalamika. Mgongo ukaota masikio yake yote. Lakini nilikuwa nimeshasimama kwenye darubini na sikutaka kurudi kwa kupapasa, kwa hiyo nikabaki. Kusema kweli huo ndio ushujaa wangu wote: kurudi kulikuwa kubaya zaidi.

Na polepole giza likaanza kuwa na vitu. Kwanza ukingo wa paa. Kisha kamba ya nguo. Kisha mkono wangu, nikausalimu. Juu, kati ya nyota ninazozijua, zikatoka nyingine, na kati ya hizo nyingine.

Zohali. Kutoka Zohali nikapanda taratibu kwa ramani. Nyota, nyota, jozi ndogo ya nyota mbili, na hapo kati, kidogo chini, kitu.

Si kitu cha kumwonyesha mtu. Ni doa la kijivu lenye ubluu. Ukilikodolea linajificha, ukitazama pembeni linarudi. Lina haya. Nimelipenda mara moja.

Nimelichora. Pamoja na zile nyota mbili ni pembetatu.

Nilipomaliza nikagundua sijaita afande muda mrefu. Mafabi alikuwa amelala kwa kuegemea nguzo. Nilikuwa peke yangu gizani na sikujua.

Nilipojua, nikakimbia. Lakini nimeibeba na darubini.

Jumatatu, 22 Desemba.

Usiku wa tatu naiangalia. Haihami.

Pembetatu ileile. Nimeweka karatasi juu ya karatasi dirishani. Ileile. Basi si sayari. Ni nyota tu, imekaa hapo tangu dunia iumbwe, na mimi nimeipenda bure. Bibi atatazama mchoro na kuniambia asante. Mzungu atatazama ndege.

Simu ya Baba. Nilikuwa sitaki kusema, nikasema. Kwamba doa langu halijatoka mahali pake, na mwaka mpya unakuja.

Nilisikia milango ya chuma nyuma yake.

"Anayetaka kutoroka huwa anatulia kwanza," akasema. "Anatulia hadi unamsifu. Usimwondolee macho."

Nikacheka ili asijue nimelia. Baadaye nikafungua kitabu, ukurasa baada ya ule niliouruka. Kimeandika karibu jambo hilohilo. Kila mwaka kuna wakati Neptuni inaonekana kurudi nyuma, kisha inasimama, kisha inageuka. Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Na mwezi huu ndio inageuka.

Baba hajawahi kusoma kitabu cha nyota.

Alhamisi, 25 Desemba.

Krismasi. Wali, kuku, Mama Mdogo amecheza hadi kiatu kimekatika. Mawingu kutoka Wanale hadi mwisho wa dunia. Nimeshiba. Nina hofu. Naona vyote viwili vinakaa tumboni bila kugombana.

Jumamosi, 27 Desemba.

Mwezi umekaa karibu kabisa na Neptuni, unawaka kama saluni ya Mama Mdogo. Siwezi kuona chochote.

Mafabi anasema niuzime. Swichi nimeshaijua.

Jumatatu, 29 Desemba.

Usiku wa mwisho. Keshokutwa Jinja.

Mwezi umesogea upande wa Kilimia, ni mkubwa, anga imepauka. Lakini njia naijua sasa hata nikiwa usingizini. Nimezima balbu bila kuishika mara mbili. Mafabi alikuwa kwa wajomba anafundishwa nyimbo. Niliwasikia kwa mbali, njuga nyingi. Sikujua zipi ni zake. Nikasema "Afande" mara moja tu, kwa mazoea.

Doa lilikuwepo. Dhaifu, linaingia na kutoka.

Pembetatu si ileile. Mguu mmoja umerefuka. Kidogo, upana wa uzi wa kushonea. Nikachora, nikapumua, nikafuta, nikachora upya bila kutazama karatasi ya zamani. Kisha nikaweka karatasi juu ya karatasi, tochi nyekundu chini yake.

Limehama.

Nikabaki nimesimama palepale. Nyimbo zikaisha kule. Sijui nilisimama muda gani.

Ijumaa, 2 Januari. Jinja.

Jana duka lilifungwa kwa sikukuu, leo nimekwenda mapema, kabla ya wateja. Bibi Sushila akaweka miwani, akatoa rula ya chuma kwenye rafu, akapima michoro juu ya kaunta katikati ya kufuli. Uranusi akaipitisha haraka. Kwenye Neptuni akapima, akarudia kupima. Nilikuwa nahesabu misumari kwenye boksi.

Akasema, "Imetoka kidogo."

"Ndiyo, Bibi." Nilijibu hapohapo.

Akavua miwani na kuifuta, akaifuta tena. Akasema darubini ni yangu, kioo nisikifute kwa gauni, na siku moja nipande nayo kwenye paa lake nimwonyeshe, maana mumewe alimsumbua nayo miaka mingi na yeye alikuwa anamwambia kesho. "Taa ya duka utazima wewe. Swichi iko nyuma ya mlango."

Mafabi amepigiwa simu. Amesema "chri" kwa mdomo.

Sasa ni usiku. Nimetundika shuka dirishani, taa ya ua imebaki huko nje na sheria zake. Chumba ni cheusi kabisa. Naandika kwa tochi ya mfuko mwekundu. Mgongo una masikio mawili matatu, si mengi. Darubini iko kando ya kitanda, naweza kuigusa kwa mguu.

Nyayo barazani. Ni Baba, ametoka zamu, buti la kushoto linaburuta. Atakuja kuhesabu kama wote tupo. Anakaribia mlango. Daftari chini ya mto.

Nazima tochi.