Bando Lililofika Hadi Risala ya Skola

Tunduma, Songwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia bila haraka, maana najua anayekusomea ni Skola, na huyo akishika karatasi husoma kama mtu anayekimbizwa. Skola mwanangu, mpe bibi yako nafasi ya kuitikia. Na huko mbele nimekutaja sana, usije ukaruka mistari kwa aibu.

Goti lako linaendeleaje, mama? Ile dawa ya kuchua niliyoituma imekusaidia au umempa jirani kama kawaida yako? Korosho zimeanza kudondoka? Mimi huku ni mzima. Baridi imepungua, sasa tunahangaika na upepo na vumbi. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka imefika hadi mbele ya jiko letu, na madereva wakikwama ndio tunapata wateja, kwa hiyo tangu alfajiri ni kukoroga ugali tu. Maharage tunayapata kutoka Mbebe, kwao Atupele, mwenzangu wa hapa jikoni, na ukiyapika wewe nadhani hutarudi tena kwenye kunde.

Atupele amejifungua mtoto wa kiume, wote wawili salama. Ndiyo sababu sikuja kwenye mahafali ya Skola. Jiko lote lilibaki mikononi mwangu, na safari ya kutoka huku hadi Masasi unaijua. Siku nilipokwambia siji, nilijua umeumia. Nami niliumia. Lakini mama, nakuandikia ujue kwamba niliyaona mahafali. Kwenye simu masikio yako yananisikia nusu nusu, na nisingependa hata neno moja la habari hii likupite.

Unakumbuka kipaimara cha Skola. Nilinunua bando asubuhi ile ile, nikavaa gauni la kanisani nikiwa hapa hapa jikoni, mdogo wangu Beda akanipigia simu ya picha. Nikaona paa la kanisa. Nikaona kofia ya askofu, kisha kisigino cha mtu. Picha ikaganda. Nikadhani ni mtandao, kumbe bando limekwisha lote kabla askofu hajafika kwenye mstari wa wasichana. Siku ile niliwapakulia watu chakula nikiwa bado na gauni la kanisani.

Sasa Skola aliponiambia wenzake wamemchagua asome risala ya wahitimu, nilifurahi na papo hapo nikaingiwa na hofu. Kila nikinunua bando linayeyuka, sijui linakwenda wapi. Nikawa nalalamika kwa sauti hapa jikoni kwamba naibiwa.

Aliyenisikia ni Mama Siame. Huyu ni Mnamwanga wa hapa hapa Tunduma, anauza vocha na makava ya simu kwenye kibanda cha jirani. Akiongea na Wazambia anaongea Kibemba, akitugeukia sisi anageuza na ulimi.

"We dada wa Kusini," akaniambia, "lete hiyo simu. Hakuna aliyekuibia. Simu yako mwenyewe ndiyo inakula."

"Inakulaje na mimi sijaigusa?"

"Hapo sasa. Wewe unakoroga ugali, yenyewe inakula mfukoni."

Akaingia kwenye Mipangilio, akafungua mahali panapoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani. Mama, nilishangaa. Ni kama kufunua chungu ukakuta panya amekaa humo anashiba. Wa kwanza kabisa alikuwa WhatsApp.

"Uko kwenye vikundi vingapi?" akaniuliza.

Nikamtajia. Cha kwaya, cha upatu, cha wapishi, cha watu wa Masasi tunaoishi huku, na cha kamati ya harusi ya mtu ambaye alishafunga ndoa na ameshazaa. Mama Siame alicheka hadi akashika meza. Kumbe kila video ya vichekesho, na kila kadi ya asubuhi njema yenye maua inayotumwa humo, simu yangu ilikuwa inaipakua yenyewe hata kama sitaifungua maisha yangu yote. Akanionyesha pa kuikataza, ili picha isishuke mpaka niiguse mimi mwenyewe. Ile kamati ya harusi nikaaga siku ile ile.

Kisha akakuta programu nyingine zinajisasisha zenyewe kila zikijisikia. Akaziambia zisubiri Wi-Fi. Picha zangu nazo, kila nikipiga picha sufuria la maharage kumwonyesha Atupele, simu ilikuwa inapeleka nakala mtandaoni kuhifadhi. Nani anahitaji kuhifadhiwa sufuria? Akazima. Halafu akaniangalia kwa macho makali.

"Hii hotspoti umeiwasha lini?"

Nikakumbuka. Kuna dereva aliwahi kuniomba mtandao atume ujumbe kwa bosi wake, nikamfungulia, nikasahau, na neno la siri halikuwepo. Kwenye benchi alikuwa amekaa Mulenga, dereva wa Kizambia anayekula kwetu kila anapokwama, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole. Alipoelewa tunachozungumza, akaacha kula.

"Mukwai, mimi niliona iko wazi kila siku," akasema kwa adabu ya kwao. "Nikafikiri mnatugawia, kama maji ya kunawa."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Tulicheka wote, na Mulenga akaomba radhi huku ameshika tonge la nshima yake, maana yeye ugali hauiti ugali.

Sikujua yote kwa siku moja, mama. Mama Siame aliniwashia Kiokoa Data, akanifundisha kuzima data kila ninapomaliza, kama ninavyofunga bomba nikishaosha vyombo. Mwanzoni nilikuwa nasahau. Nikawasha asubuhi, nikakumbuka jioni. Lakini nikaendelea kuingia kwenye ule ukurasa wa matumizi kila siku, nikiwakagua kama mwalimu wa zamu, nani amekula na kwa ruhusa ya nani. Taratibu nikaanza kuona bando linakaa. Mara ya kwanza nilipofikia siku ya kununua jingine na la zamani bado lipo, nilienda kumwonyesha Mama Siame kama mtoto aliyepata tiki. Na siku hizi wapishi wenzangu wananiletea simu zao niwaangalizie. Mimi, mama, ambaye simu hii nilipewa nikaikalia wiki nzima nikiogopa kuibonyeza.

Tatizo likabaki kwa mdogo wangu Beda, kwa sababu ndiye angeshika simu kule shuleni. Bando langu likidumu na la kwake likakatika, kazi yote ni bure. Nikampigia.

"Dada, mimi simu naijua kuliko wewe," akasema.

"Vizuri. Bando lako huwa linafika jioni?"

Akaanza kulaumu mtandao.

"Beda, fungua Mipangilio."

Alibisha, alinuna, akafungua. Nikamsikia anaguna. Video za mpira, mama, na video za pikipiki, zinajicheza zenyewe moja baada ya nyingine hata akiwa ameshasinzia. Akazima kimoja, akaniuliza na hiki je, akazima na hicho. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kumbe tunaweza kumwona Skola mpaka mwisho." Nampenda Beda kwa sababu akikubali jambo hukubali kweli. Hadi siku ya mahafali hakufungua mpira hata mmoja, na wewe uliyekaa naye nyumba moja unajua hilo lilimgharimu nini.

Siku yenyewe nilipika mapema. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la chumvi, data nikaiwasha pale tu Beda alipobipu. Akapiga. Kamera yangu mimi nikaizima, maana Mama Siame aliniambia, "Wewe umekwenda kutazama, hukwenda kutazamwa," na hapo pia data inapungua. Madereva walipoona nimeinama pale hawakuuliza chakula, walivuta benchi. Mama Siame alifunga kibanda chake. Mulenga alisimama nyuma yetu akaziba mwanga wote.

Nikakuona, mama. Umevaa ile khanga ya njano niliyokuletea, umekaa mstari wa mbele, umemshika mkono mke wa katekista. Nikawaambia watu wote, "Yule ndiye mama yangu," na kila mmoja akasogea kuangalia.

Kisha akasimama mgeni rasmi. Yule baba anajua kuongea, Mungu ambariki, lakini hajui kukaa. Akaongea, akaongea, na katikati ya kuongea kwake ikanifikia ile meseji kwamba bando langu linakaribia kwisha. Skola bado hajaitwa. Nikamwambia Beda tuzime picha, tubaki na sauti.

"Sasa tutaona nini?" Mulenga akauliza.

"Mgeni rasmi anasikika," Mama Siame akamjibu. "Huna haja ya kumwona."

Tukakaa tunasikiliza sauti peke yake, kama watu waliozunguka redio. Sufuria lilikuwa linaungua nikaliacha liungue. Hatimaye nikasikia mwalimu anasema, "Sasa tunamwita Skolastika," na Beda naye ananong'ona, "Dada, nawasha picha." Akawasha.

Mwanangu, hapa soma polepole.

Ulitoka katikati ya wenzako na sketi yako imepigwa pasi, umenyooka, huna papara. Ulishika karatasi kwa mikono miwili. Ulisema habari za maabara, za walimu wa hisabati, kisha ukafika kwenye bweni la wasichana ambalo shule haijajenga. Ukaeleza wasichana wanavyotoka gizani asubuhi kupita kwenye mikorosho, na wangapi wameacha shule kwa sababu ya njia ile. Hukulia, hukuomba kwa kujipendekeza. Ulimwangalia mgeni rasmi usoni, ukamwambia, "Tunaondoka sisi, lakini wadogo zetu wanabaki na njia ile ile."

Halafu ukaishusha karatasi. Ukasema, "Nimelelewa na bibi yangu aliyeko hapa, na nimesomeshwa na mama yangu anayepikia madereva Tunduma. Hakuweza kuja, lakini ananisikia sasa hivi." Mama Siame alinishika bega. Madereva walipiga makofi hadi watu wa kibanda cha tatu wakaja kuuliza kuna nini.

Na hapo, mama, ndipo ulipofanya la kwako. Mgeni rasmi alisimama tena, nikasema moyoni basi bando limekwisha. Lakini safari hii hakuhutubia. Akauliza swali moja tu: wazazi wangapi wako tayari kufyatua matofali, yeye alete bati? Watu wakatazamana. Mkono wa kwanza uliopanda uwanja ule ulikuwa na khanga ya njano. Wewe na goti lako. Ukasimama kabisa ili uonekane, na nyuma yako nikaona mikono inainuka kama mahindi, mpaka Beda naye akainua wa kwake na picha ikaonyesha mawingu. Nilipiga kigelegele, mama. Nimekaa Tunduma miaka yote hii sijawahi kupiga kigelegele hadharani.

Tulitazama hadi kwaya ilipomaliza na Beda akasema kwaheri mwenyewe. Bando halikukata simu. Tuliikata sisi.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Mulenga alikuwa bado amesimama, anazungusha funguo zake. Akasema ana binti huko Mpika, kwao Zambia, wa umri wa Skola, na hajamwona tangu mzigo wake ukwame. Akaniuliza kwa aibu kama ninaweza kumfungulia hotspoti mara moja tu. Nikamfungulia, safari hii kwa neno la siri. Alizungumza na mtoto wake pembeni ya lori, sauti tu, akarudi anacheka peke yake. "Natotela, Mama Skola," akaniambia, ndiyo asante ya kwao. Na tangu siku hiyo jina hilo limenikaa. Wateja wapya wanafika wanauliza, kwa Mama Skola ni wapi?

Skola, mtihani umekaribia. Mjomba wako atakupa simu upakue maswali ya mitihani ya nyuma. Chukua ya maandishi, achana na video, na ukimaliza zima. Bweni likianza kujengwa nitumieni picha ya matofali. Hiyo nitaigusa ishuke.

Mama, nisalimie Beda, mwambie dada yake anamshukuru kwa mkono wake uliovumilia kushika simu muda wote ule. Shangazi Placida mpe shikamoo yangu, na baba mdogo Fridolin, na mke wa katekista uliyemshika mkono. Walimu wa Skola waambie nawapigia magoti. Atupele anakuamkia, na Mama Siame anasema anakufahamu tayari, wewe ni yule wa khanga ya njano. Barua hii naikabidhi kwa dereva anayeshuka Mtwara kupitia Songea, ni mtu mwaminifu, mpeni maji ya kunywa na korosho.

Ukiinuka kwenda kufyatua matofali, mama, usiinuke peke yako. Mwegemee Skola. Sasa nimemwona alivyosimama, anaweza kukubeba.

Ni mimi mwanao Modesta, ambaye huku wanamwita kwa jina la mjukuu wako.