Nyumba Aliyoichagua Bwana Hemed

Jumatano

Hasira bado hazijanitoka. Nyumba ya Bi Raya, mjane wa Tibirinzi, itabomolewa kupisha barabara, na mthamini wa fidia yake ni mimi. Nilihangaika wiki nzima kutafuta nyumba tatu za jirani zilizouzwa, nilinganishe bei. Leo Bwana Hemed, mkuu wangu, kazikata zote kwa kalamu nyekundu. Badala yake kaweka moja tu, iliyouzwa kwa bei ya kutupa mwaka jana, wiki ile ile ya fujo za uchaguzi.

Nikamwambia, "Bwana, mwenye nyumba hiyo aliuza huku anakimbia. Bei ya mtu mwenye hofu si bei."

"Mkataba upo, sheha kagonga muhuri. Siasa zako usiniletee ofisini."

Siasa! Bi Raya alipwe kwa hofu ya mtu mwingine, halafu lile zee linakwenda zake kunywa chai!

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba sikumwambia lote. Kwake yeye muuzaji yule ni jina tu. Kwangu ni baba, na saini ya shahidi, ukurasa wa pili wa mkataba ule, niliitia mimi.