Ng'ombe Wangu wa Kwenye Kompyuta Wanapotea, na Mpwa Wangu Haniamini

Mpendwa Bi Swaumu, mshauri wetu,

Naomba msaada, lakini kwanza ujue unayemsaidia ni nani, maana mimi ndiye mtu ambaye bila yeye kompyuta zisingeshuka mlima Sekenke kuja Shelui, zingeishia hukohuko Singida mjini kwa waoga, na mpaka leo madereva wa malori wanaokwenda Rwanda wakifika hapa hawaulizi chakula wala pa kulala, wanauliza kwanza, Alute yupo? Tangu biashara iachiwe kila mtu afungue anachotaka, wenzangu walifungua maduka ya mitumba na vibanda vya chipsi, mimi nikafungua banda la video, na banda la video likazaa gemu, na gemu likaleta kompyuta, ambayo naiendesha mwenyewe kwa darasa langu la tano, na darasa la tano la zamani vyuo vya siku hizi havifui dafu mbele yake. Wapo wanaoniita injinia na mimi sijawahi kuwakataza.

Shida yangu ni mpwa wangu Ritha, binti wa dada yangu Jenipher. Huyu mtoto nampenda kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu. Amesomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi Singida mjini, na yeye na mwenzake Rahimu wametengeneza gemu lao wenyewe wakaliita Kaya. Si gemu la kupigana wala la kukimbiza magari, Bi Swaumu. Unapewa ardhi tupu, unafanya unachotaka, unajenga, unachimba kisima, unalima uwele, unafuga, hakuna kushinda wala kushindwa, na kuna majirani humo ndani ambao kompyuta yenyewe inawaendesha, wanalima mashamba yao, ukipita wanakupungia mkono. Mmoja nimempa jina Gasto kwa sababu ana tumbo kama la Gasto mwenye mashine ya kusaga hapa kwetu.

Ritha aliniletea hilo gemu mwenyewe akasema, "Mjomba, wewe una mkono mzito na kichwa kigumu. Cheza mpaka liharibike, halafu uniambie limeharibikaje." Sijawahi kupewa kazi inayonifaa namna hiyo tangu nizaliwe. Akanifundisha kwamba likiganda nisilipige kompyuta kofi, nizime, niwashe, nirudie taratibu yale yale niliyokuwa nafanya, na kosa likirudi basi hilo ni kosa la kweli, niandike nilichofanya na kilichotokea, nimpe kondakta wa basi ampelekee.

Kosa likaja. Nafunga gemu jioni, asubuhi nafungua, namfuata ng'ombe wangu, nikimgusa tu kioo kizima kinaganda, nikizima na kuwasha tena ng'ombe hayupo, amekwenda, hata kwato sioni. Nikaandika. Sasa mimi Bi Swaumu sijui kuandika habari kavu, habari kavu ni kama ugali bila mlenda, inakwama kooni, kwa hiyo niliongeza kidogo, nikasema ng'ombe aliruka juu ya paa akapita mawinguni akilia, kompyuta ikatoa moshi, na malori yakasimama barabarani mpaka kule kwenye kona za Sekenke watu wakishangaa.

Ritha akaja mwenyewe. Alishuka kwenye basi na begi lake, akamwamkia mke wangu Elizabeti, akaniambia shikamoo, nikaitikia, na hata maji hajanywa akauliza, "Mjomba, moshi ulitokea wapi?"

Nikamwambia, "Moshi ni wa kukolezea, mama. Habari isiyo na moshi nani anaisoma?"

"Mimi naisoma. Rahimu amefungua mashine yake yote, ameivua mpaka feni, anatafuta huo moshi."

"Basi mwambie airudishie."

Hakucheka. Akauliza, "Lilipoganda ulikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha ndio wangapi?"

"Wanaotosha. Ritha, tangu lini ng'ombe wa mtu wakaulizwa idadi kama mayai ya sokoni?"

Elizabeti akadakia kutoka jikoni, "Mwache mwanangu, mimi niko naye ndani ya nyumba hii na sijawahi kuambiwa hata kuku."

Ritha akavuta kiti, akasema haya, rudia mbele yangu kila ulichofanya. Nikakaa. Nikalima, nikachota maji, nikafunga gemu, nikafungua, na gemu likaenda vizuri kama maji ya mtoni, halikukohoa. Akatazama zizi langu akaliona tupu. "Ng'ombe wako wapi?" Nikasema wako malishoni. Akanishika bega, na ndicho kilichoniumiza, kwamba alinishika bega kwa upole kama mtu anayemshika mgonjwa, akasema, "Mjomba, nakupenda. Lakini hii umeitunga, kama ulivyotunga ile ya fisi wa Kinyangiri aliyekuamkia. Usiniandikie tena, nitatafuta mtu mwingine wa kujaribu." Akapanda basi la kurudi.

Sasa nikwambie wewe nilichomficha yeye. Kwetu sisi wenye asili ya ng'ombe, Wanyiramba na hata ndugu zetu Wanyaturu, ng'ombe hawatajwi idadi, na mtu mwenye akili hawalazi wote kwenye zizi moja, anawagawa, huyu anakaa kwa rafiki, yule kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize na jicho la mtu lisijue ulicho nacho. Na mimi humo ndani ya Kaya nilifanya hivyohivyo. Nilimswaga mmoja nikamwingiza zizi la Gasto, mwingine nikamweka kwa jirani wa ng'ambo ya kisima, na kadhalika, nikafunga milango. Ni hao ndio wanaopotea. Nikienda kumchukua ng'ombe wangu kwa Gasto ndipo kinaganda. Mbele ya Ritha sikwenda kwa Gasto, nitakwendaje, si angejua ng'ombe wangu walipo?

Mwanzoni nilidhani Gasto ni mwizi. Nimemvunjia ua wake kwa shoka, humo ndani, lakini sasa naona kosa ni la gemu lenyewe. Na mwezi ujao Ritha na Rahimu wanalipeleka Arusha kumwonyesha mfanyabiashara mwenye kafe za intaneti anayetaka kulichukua, na likiganda mbele ya yule bwana, kazi yao yote imekwenda na maji, na mimi ndiye peke yangu duniani ninayejua linapoganda, na mimi ndiye asiyeaminiwa. Nifanyeje ili aniamini bila mimi kumwaga siri ya zizi langu?

Ni mimi, Alute, Shelui.

*

BI SWAUMU ANAJIBU

Alute kaka yangu, pole, halafu kaa vizuri nikuseme.

Mimi kompyuta siijui, ya hapa ofisini naigusa kwa kidole kimoja. Lakini nimezaliwa Singida mjini kwenye familia ya wauza duka, na nimewaona wafugaji wengi wakija kuripoti ng'ombe waliopotea. Wewe unamtaka mpwa wako atafute ng'ombe ambao hutaki kusema ulikuwa nao, mahali ambapo hutaki kusema uliwaweka. Angekuwa polisi angekuweka ndani wewe.

Umemwambia yasiyokuwepo, moshi, mawingu, malori, na yaliyokuwepo umeyafungia kwa Gasto. Kila ulichoongeza, yeye alikwenda kukitafuta. Huyo kijana Rahimu amevua mpaka feni kwa ajili ya utamu wa maneno yako. Taarifa ya kosa si hadithi ya kwenye pombe, kaka. Kwenye pombe msikilizaji anataka acheke. Huyu anataka atengeneze.

Mila yako siicheki. Baba yangu aliyekuwa na duka naye hakupenda mtu asimame mlangoni akihesabu magunia. Lakini jiulize mila inamficha nani. Inamficha mpita njia, mwenye kijicho, mtoza kodi wa zamani. Mtoto wa dada yako umemweka kwenye kundi hilo? Mpwa ni mtu wa ndani. Siku ukifa ni Ritha atakayezunguka kwa kina Gasto kuulizia vyako, na hapo ndipo tutajua ulivyowafaidisha wanao kwa kunyamaza.

Halafu kuna jambo umelipita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Huyo binti alipanda basi kutoka Singida mpaka Shelui kwa sababu mjomba wake alimwandikia kwamba ng'ombe wa kwenye kioo amepotea. Hakumtuma mtu. Alikuja na begi. Alipokushika bega hakukuona mgonjwa, alikuwa amechoka na bado anakupenda. Mtu asiyekupenda angekucheka tu akaondoka.

Sasa fanya hivi. Usiandike. Kalamu yako ina mkono mrefu kuliko wewe. Panda basi uende mjini, uende kabla hawajaondoka kwenda Arusha. Ukifika omba kiti mbele ya kompyuta yao, Ritha akae kulia kwako, Rahimu kushoto. Anza ardhi tupu. Nunua ng'ombe, wagawe kama ulivyowagawa, funga, fungua, nenda kwa Gasto, mguse ng'ombe. Mdomo wako ufunge mpaka kioo kigande. Idadi usiitaje kama inakutia hofu, mila inakataza mdomo, haijamkataza mpwa kuona kwa macho yake. Wao watahesabu wenyewe kimyakimya.

Likiganda, usisherehekee. Usiseme nilijua. Sema, "Samahani mama, nilikuficha," basi, na maneno hayo usiyaongezee chumvi.

Na ule ua wa Gasto ulioubomoa kwa shoka, ukirudi Shelui ujenge upya. Jirani ni jirani hata akiwa wa kompyuta.

*

Mwezi uliofuata msomaji wetu wa Shelui alituandikia tena. Tunaiweka barua yake kama ilivyo.

Mpendwa Bi Swaumu,

Nilikwenda. Nilivaa koti langu la kanisani maana sikutaka wanione kama mtu aliyekuja kuomba. Rahimu akaniambia, "Shikamoo Mzee, leo moshi upo?" Nikaitikia marahaba nikameza mate, sikumjibu, na hilo Bi Swaumu uliandike mahali.

Nikakaa katikati yao. Nikaanza ardhi tupu, nikanunua ng'ombe idadi ileile ya nyumbani, nikawagawa mmoja mmoja, Ritha anatazama. Nilipomwingiza wa kwanza zizini kwa Gasto akainama karibu na kioo akasema, "Mjomba, unafanya nini?" Nikasema, "Namlaza kwa rafiki." Akamtazama Rahimu, Rahimu akamtazama yeye. Nikafunga gemu, nikafungua, nikaenda kwa Gasto, nikamgusa ng'ombe wangu, kioo kikaganda palepale, mkono wa Gasto ukabaki juu hewani akinipungia.

Halafu Ritha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Rahimu, sisi tulidhani mtu anaweka ng'ombe wake kwake." Rahimu akasema kule Dar walikojaribisha kwa wenzao hakuna hata mmoja aliyefikiria kupeleka mali yake kwa jirani, wote walijenga ukuta na kuweka mlinzi. Gemu lilikuwa halijui ng'ombe aliye kwa Gasto ni wa nani, nikimwita wangu na Gasto anamwita wake, likakata roho. Wakakaa kulitengeneza mpaka jua linazama na mimi nikiwa hapohapo nikiwaonyesha jinsi makubaliano yanavyokwenda, kwamba anayekutunzia anakamua maziwa yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione. Yote hayo wameyaweka ndani. Yule bwana wa Arusha amelichukua, na nasikia hicho cha kulaza ng'ombe kwa rafiki ndicho alichokaa nacho muda mrefu zaidi. Ritha amenirudishia kazi, sasa naandika nilichofanya na kilichotokea, basi, na inauma lakini nazoea. Ua wa Gasto nimeujenga kwa miiba mipya.

Nilimwomba radhi kama ulivyosema, maneno matatu. Akanijibu kwamba hakuna neno, mjomba, ni mila. Na hapo ndipo nilipobanwa, maana alisema kwa heshima, na heshima hiyo haikuwa yangu. Wenye ng'ombe huwatawanya ili wingi wao usijulikane. Mimi, Bi Swaumu, banda langu halijawahi kunipatia ng'ombe hata mmoja wa kweli, na hata mle ndani ya Kaya, ambako ardhi ni ya bure na nyasi haziishi, niliwatawanya ili mtu akija asiuone uchache. Ritha aliwaona wote siku ile na hakusema kitu. Ni wanne, na mmoja ni ndama.