Kompyuta Ilizimika Mama Akikujibu

Amalemba,
Kakamega.
Mei 13, 2025

Mpendwa mdogo wangu Beverly,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya huko Saskatoon imeyeyuka, unatoka nje bila lile koti kubwa. Mgongo je, bado unakusumbua ukitoka kazini?

Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri, na ikikatika ukungu unashuka kutoka upande wa msitu hadi miti ya jirani inaonekana nusu tu, kama picha ambayo mchoraji aliiacha akaenda kula. Mama anakula vizuri na mkono wake wa kulia umeanza kushika kikombe.

Najua ulituomba tusikupigie kwanza, nami nimekuheshimu. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Alice wa shangazi anarudi chuoni huko Kanada Ijumaa na amekubali kuibeba barua hii. Tafadhali, mdogo wangu, keti uisome mpaka mwisho.

Ni kuhusu Jumapili ile ya mwisho. Tulimketisha Mama mbele ya kompyuta kama kawaida yetu, kwa maana simu akishikishwa anaigeuzageuza tu, lakini kwenye kioo kikubwa anakuona vizuri. Ukamwuliza kama amekusamehe kwa kukosa mazishi ya Baba. Midomo yake ikacheza, kisha kioo kikawa cheusi. Baadaye ujumbe wako ukaingia kwenye simu yangu: "Nimeelewa, dada. Msinipigie kwa sasa."

Beverly, hakuna aliyekukatia. Kompyuta ilizimika yenyewe.

Unajua tangu apatwe na kiharusi sauti ya Mama imekuwa ya chini mno, kama mtu anayezungumza akiwa usingizini. Na kompyuta yetu nayo ilikuwa inavuma kuliko kinu cha kusagia mahindi. Sisi tulishaizoea. Tulikuwa tunapaza sauti wenyewe kwa wenyewe sebuleni bila hata kujua tunapaza.

Mume wangu Elkanah ndiye aliyeanza kuihangaikia. Aliifungua ile CPU, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli hadi sebule nzima ikawa kijivu na mimi nikapiga chafya mpaka machozi. Kelele zikapungua kidogo, halafu zikarudi zikiwa na mlio mpya, mwembamba, wa kuumiza meno. Na kila alipofungua video, kompyuta ilizima na kujiwasha upya.

Tukaipeleka mjini kwa Tracy, yule dada anayetengeneza kompyuta. Aliiwasha, akainamisha sikio, kisha akatuonyesha pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachopokea stima na kuigawia kompyuta yote.

"Feni yake imechoka," akasema. "Lakini hata ingekuwa mpya, bado ingepiga kelele. Hii ni ndogo. Nani aliongeza hii kadi kubwa ya picha?"

"Ni mimi," Elkanah akajibu. "Nilitaka video za harusi za wateja wangu zitoke haraka."

"Basi ndiyo inaikamua. Video ikianza, kadi inaitisha stima nyingi, saplai inashindwa, inazima."

Elkanah akauliza kama angeweza kukifungua kile kisanduku nyumbani, aitie feni mafuta.

"Usijaribu! Hata ukichomoa waya, ndani bado kunabaki stima ya kukurusha. Hii tubadilishe tu."

Akaweka nyingine yenye nguvu zaidi, yenye feni pana inayozunguka polepole. Alipokuwa akikaza skrubu nilimweleza habari ya Mama na wewe. Akaacha kukaza. Akaniambia kwamba programu ya kupigia video inajaribu kuondoa kelele za nyumbani, na sauti ya chini sana ikichanganyika na mvumo, inaweza kuondolewa pamoja nao.

Niliketi kwenye kile kibenchi chake, Beverly, nikahesabu moyoni Jumapili zote ulizomwona Mama akikutazama bila neno.

Tuliporudi mvua ilikuwa imekatika. Elkanah akaunganisha nyaya, akabonyeza, na tukangoja. Hakukusikika kitu. Nilidhani haijawaka, mpaka nilipoona kioo kimejaa mwanga. Kisha nyumba ikaanza kujitokeza, sijui nikuelezeje. Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati, tone kwa tone. Nikasikia kuku wa jirani akijikung'uta. Pazia lilikuwa likipumua dirishani na mwanga wa baada ya mvua umelala sakafuni, wa rangi ya chai. Nilihisi kama nimeingia kwenye nyumba nyingine inayofanana na yetu, ambamo hakuna aliyewahi kuugua.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, anakitazama kioo kitupu. Akasema, na nilimsikia nikiwa mlangoni:

"Beverly yuko wapi? Mbona hanisikianga?"

Nikapiga magoti karibu naye. "Ulimwambia nini, Mama?"

"Mulembe. Kila siku namsalimianga mulembe, amani iwe kwake."

"Na siku ile alipokuuliza juu ya Baba?"

Akafumba macho. Nilifikiri amesinzia.

"Nilimwuliza, nikusamehe nini?" akasema. "Makaratasi ya safari yalikataa. Mtoto angepita wapi? Siku ile kaburini nilitupa udongo mara mbili. Wa kwanza wangu. Wa pili nikamwambia baba yenu, Baba Nabwire, huu umetoka kwa Beverly."

Mdogo wangu, nilikuwa nimemshika mkono siku hiyo kule Matungu. Nilimwona akiinama mara ya pili, na nikadhani ni majonzi yamemchanganya. Kumbe alikuwa anakuwakilisha.

Ili nisikudanganye, nilimpigia Mark, binamu yetu wa Eldoret, kwa video. Nilinyamaza kabisa nikamwacha Mama aanze. "Mulembe, Mark," akasema. Mark akaruka kwenye kiti: "Mama mkubwa! Nimekusikia! Hebu sema tena!" Alisema tena. Akamwuliza pia kama huko Eldoret anapata obusuma, ugali wetu, wa kushiba au anadanganywa na mkate.

Swali hilo alisema amekuuliza wewe mara nyingi, akaona hujibu, akajua unakufa njaa.

Sitakupigia, nimekuahidi. Lakini Jumapili jioni, baada ya kanisa, kompyuta itakuwa wazi na Mama atakuwa kwenye kiti chake. Ukipiga, usiseme haraka. Mpe nafasi, maneno yake yanatoka mbali.

Elkanah anakusalimu sana. Isaiah wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka uyaone mapengo. Shangazi Nasambu wa Ekero anakuombea kila wiki na jumuiya yake. Nishukurie Alice kwa kuileta barua hii, umpikie kitu cha moto.

Kuna habari moja ya Matungu ambayo Mama amenikataza kuiandika. Usiogope, si mbaya. Tangu asubuhi inamchekesha peke yake, bega likitikisika. Amesema hiyo ni yake, na atakuambia mwenyewe kwa mdomo wake.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde njiani na kazini.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Nabwire