Hana Kesi ya Kujibu

Shangazi Magreth, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha. Mimi ni fundi cherehani hapa Mandewa, nina mchumba anaitwa Leonidas, mkulima wa alizeti kule Mwankoko, na mwaka jana alikamatwa akituhumiwa kuiba maksai wa jirani yake, akakaa rumande, baadaye akapata dhamana, kesi ikasikilizwa, mashahidi wakaja, mmoja akasema aliona gizani mtu mwenye koti kama lake, basi, halafu hakimu akasema hana kesi ya kujibu na akamwachia huru. Mimi baba alinizuia kwenda, akaenda baba mdogo Hezekia, naye aliporudi akatuambia, "Hakimu kasema kijana hana la kujibu. Kamwachia kwa huruma tu."

Baba akawaka. "Mtu aliyekosa la kujibu mbele ya hakimu ndiye nimpe binti? Hao ng'ombe wa mahari nitajuaje wametoka zizi la nani?"

Tangu hapo Leonidas haruhusiwi kukanyaga kwetu, na nikimuuliza ananikata kauli, "Si waliniachia? Unataka nini tena?" na kweli Shangazi, hata mimi shaka imeniingia, juzi kaniletea kitenge nikajikuta najiuliza kakitoa wapi, nikaona aibu lakini sikumwambia. Sasa anataka tutoroke tukaishi Mkiwa kwa kaka yake, na nguo nimeshafungasha. Niende, au niachane na mwizi?

Esta, Mandewa

Marahaba, Esta. Pole sana, mwanangu. Fungua hilo begi, rudisha nguo kabatini, kisha unisikilize.

Baba yako mdogo alisikia vibaya. Mahakamani, upande unaoshtaki ndio huanza kuleta mashahidi. Wakimaliza, hakimu anapima kama ushahidi huo unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Usipotosha, anasema hana kesi ya kujibu. Maana yake, wenye kumshtaki ndio walioshindwa. Leonidas hakutakiwa hata kufungua mdomo.

Na huruma haimo. Kuna mtu kesi yake huondolewa akaachiwa, na huyo anaweza kushtakiwa upya. Aliyeachiwa huru kama Leonidas, kosa hilo limekwisha kwake, labda waliomshtaki wakate rufaa na washinde.

Sasa nakugombeza. Unamwita mwizi mtu ambaye mahakama imekataa kumwita hivyo, halafu papo hapo unataka kutoroka naye! Utaishi vipi na mume ambaye kila akileta kitu unakitilia shaka? Naye Leonidas, kama anasoma hapa, aache kununa. Mchumba akiuliza, aelezwe.

Fanyeni hivi. Leonidas aende mahakamani aombe nakala ya uamuzi. Atafute mzee wa kwao anayeheshimika, waje kwenu mchana, waingie kwa shikamoo, waisome mbele ya baba yako na Hezekia. Baba akitaka kuhakikisha, aende mwenyewe kwa karani akaulize. Akishaelewa na bado akakataa, basi ana sababu nyingine, aiseme. Wewe ni mtu mzima, utaisikiliza kwa adabu na utaamua ukiwa hapo hapo nyumbani kwenu, si kwa kukimbilia Mkiwa.

Lakini kabla ya hayo, nenda kwa Leonidas leo. Mwambie ulimshuku, na umwombe radhi.