Siku Niliyoipasua Stika ya Piano

Jumanne, jioni. Mikono yangu inanuka gundi, nimevunja masharti ya waranti, na sijutii.

Nianze mwanzo. Piano yetu ni mpya, ya bei nafuu kuliko zote dukani. Shule iliiagiza Nairobi kwa sababu Hodan, mwanafunzi wangu pekee wa muziki Kidato cha Nne, ana mtihani wa vitendo Alhamisi hii. Wiki ya tatu tu kwenye joto letu la Garissa, noti ya Do ya katikati ikanyamaza. Ukiibonyeza unasikia "ko", kama mtu anabisha mlango.

Wiki mbili nimekuwa mtumwa wa simu. Mwenye duka alisema kosa ni la kiwanda. Wakala wa kiwanda akasema ni la duka. Jana mwenye duka akaniuliza piano inakaa wapi.

"Garissa," nikamwambia.

"Madam, waranti haihusu joto."

Nikamuuliza alifikiri anaiuzia Garissa gani.

Akaahidi kuwasiliana na wakubwa, ila akanionya: mtu mwingine akiifungua, stika iliyo nyuma ikipasuka, waranti imekufa.

Hodan naye alikuwa na suluhisho lake. Kila akifika kwenye Do, anaiimba kwa mdomo. Anapiga, "Dooo!" anapiga, "Dooo!" huku uso umekauka kabisa. Nilicheka, kisha nikaenda kujificha stoo nikalia. Huyu mtoto amejifunzia muziki kwenye piano aliyoichora juu ya kadibodi. Mtahini hatampa alama za mdomo.

Leo baada ya masomo akaja na shangazi yake Khadija, tunayemwita Eedo, yaani shangazi kwa Kisomali, anayetengeneza cherehani sokoni. Nikamweleza habari ya stika. Alinisikiliza kwa subira kubwa, kisha akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, ambayo kila "p" huigeuza "b":

"Mwenye duka iko wabi?"

"Nairobi."

"Na biano iko wabi?"

"Hapa."

"Basi, mwalimu. Basua."

Nikapasua. Mimi mwenyewe, kwa kucha.

Ndani kuna nyundo ndogo za mbao zinazogonga nyaya. Ya Do ilikuwa imebanduka na kulala chini. Eedo akazitikisa nyingine moja moja kwa kidole, na sita zaidi zikamwangukia mkononi. "Hii gundi ni ya bahasha," akasema, akatoa chupa yake ya gundi ya mbao. Saa mbili nzima hakuongea tena, ila kututuma vitambaa na kutukataza kupumulia kazi yake.

Kisha Hodan akabonyeza Do. Ikalia. Akaibonyeza tena, na tena, halafu akamkumbatia shangazi yake na gundi yake yote.

Ndipo simu ikaita. Mwenye duka! Wakubwa wamekubali kutuma fundi, mwezi ujao, mradi nitume picha ya stika ikiwa nzima.

Nakiri, nilifikiria kudanganya. Lakini nilichoka. Nikamwambia stika imepasuka na piano inalia.

Akashusha sauti.

"Madam, huyo fundi wenu... ana namba? Nina mteja Wajir analalamika."

Nikampa Eedo simu. "Wajir nitaenda," akasema, "lakini wewe utakuja kunishikia taa." Akakata.

Mungu wangu, sikuombi miujiza. Ishikilie tu hiyo gundi mpaka Alhamisi jioni. Ijumaa, ikitaka, ibanduke.