Simu Niliyokupigia kwa Sababu ya Panya

Mpendwa Baba Kemunto,

Mwezi uliopita binti yako alikuja ofisini kwangu. Sikumtambua. Mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa darasa la nne mwenye pengo la meno, na sasa ni mwalimu, tena mama wa mtoto mmoja, na paji lake la uso ni lako lile lile. Alikaa kitini bila kukaribishwa, kama wewe, akasema, "Daktari, sijakuja kusumbua. Nataka tu kujua kitu moja. Ile asubuhi Baba alipigiwa simu, mimi niliona. Ni nani alimpigia?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza leo, baada ya miaka yote hii.

"Ni Mama. Anasema ni yeye alimuua. Asubuhi hiyo alimgombeza juu ya unga, watoto hawajakula, Baba akatoka. Amezeeka na hiyo maneno. Saa hii ni mgonjwa, na hataki kufa nayo."

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia nini, Baba Kemunto? Profesa mzima, nywele zimeanza kuwa nyeupe, nikamdanganya mtoto wako huku nikimtilia sukari kwenye chai.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza katika nyumba ya panya, kile chumba cha mabati nyuma ya maabara? Nilikuja na digrii, koti jipya na Kizungu kingi. Wewe ulikuwa na gambuti na cheti cha darasa la saba. Nilimshika panya wa kwanza kama mtu anayeokota kaa la moto, akaning'ata kidole, ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Kisha ukanifundisha: mkia kwanza, karibu na shina, halafu ngozi ya shingo. Ukaniambia pia jambo ambalo vitabu vyangu havikuwa nalo, kwamba panya aliyezaa akisikia harufu ya mkono mgeni huwala watoto wake. "Chukua hii vumbi ya mbao ya nyumba yao, jipake mikono kwanza. Atafikiri wewe ni wa hapo." Nilijipaka, nikainua watoto sita wekundu wasio na manyoya, nikawarudisha. Mama yao hakujali.

Tulifanya kazi pamoja miaka mitano. Ya kwako ilikuwa kuzalisha panya, kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi, mpaka wafanane kama waliotoka kiwandani. Hukuipenda kamwe. "Daktari, kwetu hii ni mwiko. Hata mbuzi tunawatenganisha." Lakini ulitoboa masikio yao kwa alama zako, ukaandika kwenye daftari nani ni mtoto wa nani, na hukukosea hata mara moja. Mimi nilikosea mara nyingi na ukanisahihisha kwa penseli, kimya, nisiaibike mbele ya wakubwa.

Kazi yangu ilikuwa virusi. Si vile vinavyoingia kutoka nje kama homa. Hivi vilijiandika ndani ya jeni za panya zamani sana, na mama huwarithisha watoto kama rangi ya macho. Panya wengine waliovirithi walipata saratani wakiwa wachanga. Wetu walivirithi pia na wakazeeka vizuri. Kulikuwa na jeni iliyowalinda, na ili niipate nilihitaji kizazi cha ishirini. Desemba ile ya kura tulikuwa tumefika cha kumi na tisa, na majike matatu yalikuwa na mimba. Nilienda Soy kwa wazazi wangu kula Krismasi nikiwa na furaha ya mtu anayekaribia kumaliza kujenga nyumba.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, na nchi ikashika moto. Kutoka Soy tuliona moshi upande wa mjini. Jirani zako wa mtaa wa Kimumu, uliochota nao maji bomba moja, walikuja kukwambia una saa moja ya kuondoka. Ulikimbilia kituo cha polisi na mke na watoto, mkalala uani chini ya turubai.

Siku ya nne nikakupigia.

Nimeyarudia mazungumzo yale mara nyingi kuliko sala yoyote. Nikauliza, "Baba Kemunto, panya wana maji?"

"Daktari, huku ni mbaya. Barabara iko na mawe. Wanauliza watu kitambulisho."

"Hao watatu watakuwa wamezaa. Nikituma mtu mgeni, si watakula watoto?"

Nikasikia mtoto akilia karibu nawe, na sauti ya mwanamke ikilalamika.

"Vaa koti jeupe," nikasema. "Watafikiri wewe ni daktari wa hospitali."

"Sawa, Daktari. Nitaangalia vile itawezekana."

Sasa sikiliza nisichowahi kumwambia mtu. Mkono mgeni ulikuwa kisingizio. Dawa yake, ile vumbi ya mbao, niliijua, ulinifundisha wewe mwenyewe. Na mimi barabara ile ningeipita. Vijana waliolinda mawe yale walikuwa wakiwasalimu watu kwa lugha ya mama yangu, na aliyeitikia vizuri alipita. Ningeitikia. Wengine wao huenda tulikaa benchi moja shuleni. Lakini niliogopa, basi. Niliogopa kuona mjini kuna nini, nikatuma mtu ambaye jina lake, la kabila jingine, lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho wazi kabisa.

Ulifika. Sijui ulipita wapi, labda kando ya mto na katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Nilipofungua nyumba ya panya baada ya wiki mbili nilikuta daftari mezani: "Maji tayari. Chakula cha siku nyingi. Watoto kumi na saba. Wote wazima." Mwandiko haukutetemeka. Vijana wale walikukamata ukirudi, karibu na daraja, na walikutambua, nimeambiwa, haraka. Koti halikusaidia kitu. Mwili wako ulipopatikana ulikuwa bado umelivaa.

Nilikuja mazishini kwenu Kisii. Mkeo alinikumbatia akanishukuru kwa mchango wa jeneza. Nilikubali kushukuriwa.

Na kumi na saba wale, Baba Kemunto, wakawa kizazi cha ishirini. Jeni niliipata. Ikanipeleka ng'ambo, ikanirudisha profesa, ikanipa mwaliko wa kuzungumza mahali ambapo watu huvaa tai kunisikiliza. Kila nilipochapisha niliweka jina lako chini, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo, "aliyefariki wakati wa machafuko". Kana kwamba machafuko yalikuwa na simu. Watu hupenda nilinganishe chuki na virusi, kwamba nayo tunairithi na haina wa kulaumiwa. Huwa nakataa. Virusi haviulizi mtu kitambulisho, na havimpigii mtu simu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alishazaliwa akakua, nami nikamficha ndani kama mtoto wa aibu. Siku tatu baada ya Kemunto kuja sikula wala sikufundisha. Siku ya nne nilimpigia nikamwambia, "Twende kwa mama yako, nitajibu nikiwa huko."

Tulimkuta uani, uteo magotini, akichagua maharagwe. Amekonda. Nilimweleza yote, simu, koti, kisingizio, woga wangu. Kemunto alisimama nyuma yangu na sikuthubutu kugeuka. Mama Kemunto hakuacha kuchagua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa lingine.

"Haikuwa unga?" akauliza mwishowe.

"Haikuwa unga, Mama. Ni mimi."

Akaweka uteo chini polepole. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Na hao panya," akasema, "walipona?"

Ningeweza kudanganya tena. Mdomo ulikuwa tayari.

"Walipona, Mama."

"Wote?"

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa, akashika ukuta akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Tulikaa nje na Kemunto mpaka mchana ukapita. Mama hakutoka. Kemunto alinisindikiza hadi kwenye gari na hakunipa mkono.

Msamaha sikuombi. Wewe huwezi kunipa, na walio hai sina haki ya kuwasumbua tena. Nimeiandika barua hii hadharani ili mtu yeyote asije kumwambia mkeo kwamba ni yeye. Pumzika, Baba Kemunto. Safari ile ilikuwa yangu.

Mimi,
mwanafunzi wako.